Chenisoo imenoki: uifungue mwenyewe, umpelekee fundi, au ununue nyingine?

Mwezi wa nane mashine yangu ilizima katikati ya gogo la mkaratusi, njia ya Urambo. Haikukohoa wala kupungua nguvu taratibu. Ilipandisha mlio ghafla, ukawa mwembamba kama wa nyuki aliyechokozwa, kisha kimya. Nilipovuta kamba ikaja laini, bila ule uzito unaozoeleka mkononi. Aliyewahi kushika chenisoo, yaani msumeno wa injini, anajua maana yake: imenoki, pistoni inayopanda na kushuka ndani ya silinda imechubuka.

Tulipofika nyumbani kila mtu alikuwa na ushauri. Jirani anayelima tumbaku alisema ninunue mpya, maana kuni za bani, nyumba ya kukaushia tumbaku, zikichelewa kukatwa hazikauki kwa wakati. Kijana wangu alisema twende kwa fundi wa pikipiki, yupo karibu na ni rafiki yake. Mimi nilitaka kuifungua mwenyewe. Njia zote hizo tatu nimeshazipita kwa nyakati tofauti na kwa mashine tofauti. Siku hizi nikizilinganisha, bei siiweki mbele. Naanza kwa kuuliza ni wapi atakapopatikana mtu wa kutafuta kilichoiua injini kabla hajafunga pistoni mpya. Pistoni kufungwa ni kazi ya saa chache, lakini chanzo kikibaki humo ndani, pistoni ya pili itakufa kama ya kwanza.

Kwanza chungulia

Hatua hii haina gharama na ni ya dakika 15. Mashine ikipoa, toa ekzosi, kisha vuta kamba taratibu huku ukimulika ndani ya tundu kwa tochi ya simu. Pistoni itapita mbele yako na utauona ubavu wake. Ikiwa nzima, utaona vimistari vyembamba vya kiwandani vimeizunguka. Ubavu wa upande wa ekzosi ukiwa umechubuka kutoka juu kwenda chini, mashine ilipata joto kupita kiasi, na mara nyingi ni kwa sababu ilikuwa inavuta hewa nyingi kuliko petroli. Toa na kabureta uchungulie upande wa pili: ukikuta pamesuguka na kufifia, hilo ni vumbi lililopita kwenye filta, na kwa mchanga wetu wa kiangazi si ajabu hata kidogo. Ikiwa imechubuka kuzunguka pande zote na ni kavu, basi mtu alimwaga petroli isiyo na oili. Hapo injini haina fumbo lolote. Fumbo ni nani alijaza tangi.

Alama hizo ndizo zinazoanza kukuchagulia njia. Petroli tupu ni kosa linalojulikana, na fundi yeyote makini anaweza kubadilisha pistoni ukaendelea na kazi. Vumbi ni filta. Ila ubavu wa ekzosi ukichubuka peke yake wakati oili ilikuwemo, shuku kwamba kuna hewa inaingia mahali isipopaswa. Hewa hiyo huioni kwa macho, lazima ipimwe.

Fundi wa pikipiki na fundi wa chenisoo

Miaka kadhaa nyuma niliwahi kupeleka mashine nyingine, ndogo kuliko hii, kwa fundi wa pikipiki. Mzee mwenye mikono safi, kazi yake ya bodaboda haina lawama mtaani. Akaitazama silinda, akaniambia, "Bwana mdogo, hii tunaichonga, tunaweka pistoni ya ovasaizi, unaondoka." Kwa pikipiki angekuwa sahihi kabisa. Silinda ya pikipiki nyingi za bodaboda ina bomba la chuma ndani, na likichakaa linachongwa kidogo na kuwekewa pistoni kubwa zaidi, hiyo ya ovasaizi. Silinda ya chenisoo ni ya aluminiamu, na ndani imepakwa ganda jembamba gumu sana la kromu au nikeli. Ukilichonga umeliondoa, na pistoni inabaki kusugua aluminiamu kwa aluminiamu. Nilimwambia, "Shikamoo mzee, acha kwanza nikafikirie," nikaondoka na mashine yangu kwenye kiroba.

Simsemi vibaya. Ana geji ya kompresheni, ya kupimia mbano wa silinda, ana spana za kila aina, ana mkono. Kazi ya beringi au ya kutoa nati iliyoganda nampelekea hata leo. Ila alikuwa ananipa jibu la injini nyingine.

Fundi wa chenisoo mwenyewe, wale wanaohudumia wapasua mbao, ni hadithi tofauti. Anazijua spea kwa sura, anajua skrubu ipi huganda na ipi hukatika. Kabla hujamwachia mashine muulize swali moja: "Upepo unapima?" Akikuonyesha pampu ndogo ya mkono yenye geji na vipande vya mpira vya kuzibia matundu, mwachie na ulale usingizi. Akikuambia yeye anasikia kwa masikio, atakufungia pistoni vizuri sana na mtaonana tena baada ya wiki mbili. Mimi ilinitokea hivyo hivyo na ile mashine ndogo. Pistoni mpya, malipo kamili, na siku ya kumi na moja ikanoki tena kwa alama zile zile upande ule ule.

Kwa hiyo kati ya hawa wawili namchagua wa chenisoo, kwa sharti la pampu. Kama hana, gharama yake inakaribia kuwa sawa na ya kununua pampu yako mwenyewe na kujifunza.

Nyumbani: kifaa gani ununue, kipi utengeneze

Watu hukata tamaa wakiona orodha ya vifaa vya kiwandani. Vingi vina mbadala mzuri jikoni au karakana ya seremala, na viwili vitatu havina.

Pampu ya kupimia ndiyo ya kwanza kununua. Ile inayotumika kutoa upepo kwenye breki za gari, yenye uwezo wa kusukuma na kunyonya, inafaa. Kipimo ni hiki: ziba tundu la ekzosi kwa kipande cha tyubu ya pikipiki ukibane kwa ekzosi yenyewe, ziba upande wa kabureta vivyo hivyo, rudisha plagi, kisha ingiza upepo kupitia kijitundu cha msukumo kinachoendesha kabureta. Nusu ya baa, yaani psi 7 hivi, inatosha. Sindano ya geji ikae palepale. Ikishuka, paka povu la sabuni kila maungio utazame mapovu. Kisha geuza pampu inyonye, kiasi hicho hicho. Usiruke hatua hii ya pili, kwa sababu oili sili za krenki, yaani mipira inayoziba pande za mhimili wa injini, hubanwa zaidi na upepo wa ndani, kwa hiyo sili mbovu inaweza kufaulu kipimo cha kusukuma ikafeli cha kunyonya.

Nimesikia watu wakitumia mpira wa mashine ya presha ya hospitali. Unafanya kazi nusu: geji yake huishia 300, ambayo ni kama 0.4 ya baa, na haiwezi kunyonya. Kama ndicho ulichonacho, ni bora kuliko masikio.

Jambo lililonichukua muda kulielewa ni kwamba kipimo hiki kinafanyika *kabla* ya kufungua injini. Pistoni ikiwa imechubuka haijalishi, unachopima ni nyumba yake. Ukishafungua umeharibu ushahidi. Mimi nilipima nikiwa nimekaa kwenye ndoo uani, na povu likachomoza chini ya klipu ya mpira unaounganisha kabureta na silinda. Ufa wenyewe ulikuwa kama unywele, hauonekani mpaka uupinde mpira kwa kidole gumba. Injini nzima ilikufa kwa ajili ya ufa ule.

Kwa kuzuia pistoni isizunguke unapofungua klachi, madukani kuna kizuizi maalumu cha kuingiza kwenye tundu la plagi. Usinunue. Kamba laini ya katani au ya pamba inafanya kazi vizuri zaidi kwa sababu haigongi sehemu moja ya pistoni. Hakikisha tu pistoni imeshapanda na kuliziba tundu la ekzosi kabla ya kuingiza kamba, isije ikanaswa ukingoni. Na kumbuka klachi nyingi za chenisoo zina nyuzi za kinyume: kufungua unazungusha kulia. Nimeona klachi iliyokatika kwa mtu kutumia nguvu ya kilo nyingi akizidi kuikaza.

Gurudumu la sumaku linahitaji pula, kifaa cha kuling'oa kwa kulivuta. Wengi hulipiga nyundo mapezi yake, na mapezi yale ndiyo feni ya kupoza injini. Likikatika moja, gurudumu linatetemeka mpaka beringi zinalia. Kama pula haipo, azima, au mpe yule mzee wa pikipiki kazi hiyo tu.

Pini ya pistoni isipigwe kabisa kwa nyundo kutoka ubavuni, utapinda mkono wa pistoni unaoiunganisha na krenki. Bolti ndefu, soketi mbili na nati vinatosha kuisukuma taratibu. Wakati wa kurudisha, pasha pistoni mpya joto juu ya pasi ya umeme hadi isikike moto mkononi bila kukuunguza, nyuzi 60 hivi, na pini itateleza yenyewe. Mama watoto hakupenda kuona pistoni juu ya pasi yake, lakini ni mpya, haina mafuta.

Kishikio cha pistoni nilichonga kwa kipande cha mninga: ubao wenye mfereji katikati, unaupitisha chini ya pistoni ukishika mkono wake, pistoni inakaa wima bila kuyumba. Ringi, zile pete zinazozunguka pistoni, nazibana kwa ukanda uliokatwa kwenye chupa ya plastiki. Pengo la ringi ndani ya silinda napima kwa fila geji, vibati vyembamba vya kupimia mianya. Kanuni ya mafundi ni milimita 0.1 kwa kila milimita 25 za upana wa silinda, kwa hiyo silinda ya milimita 52 inataka 0.2 au zaidi kidogo. Mshale ulio kichwani mwa pistoni utazame ekzosi. Ringi nazo zina pini ndogo za kuzizuia zisizunguke. Mdomo wa ringi ukikaa nje ya pini, utavunja ringi siku ya kwanza.

Seklipu zinazozuia pini ndizo zilizonidhalilisha. Kabla ya kuzigusa, jaza kitambaa kwenye mdomo wa krenki, vaa miwani. Nilivaa miwani, nikasahau kitambaa. Ikaruka. Nikakaa kimya nikijiuliza imeingia kwenye krenki au imeanguka mchangani. Nilichukua sumaku ya spika ya redio iliyokufa, nikaiburuta uani kwa karibu saa nzima, ikijaa ule mchanga mweusi wa chuma mpaka ikafanana na kunguyeye, nikiipangusa na kuanza upya. Nikaikuta chini ya ndoo. Hata hivyo sikuirudisha: seklipu ikishatolewa mara moja haitumiki tena, na mpya huja na pistoni.

Toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza? Nitakuwa mkweli, kwa kazi ya juu, yaani pistoni na silinda, nimefanya bila hiyo, kwa kukaza msalaba na kwa kiasi. Ila skrubu zinaingia kwenye magnesiamu laini, na aliyezoea kukaza nati za baiskeli ataziharibu nyuzi. Kama mkono wako ni mzito, nunua.

Kushuka mpaka krenki

Hapa nabadilisha ushauri. Shika mkono wa pistoni uuvute juu na chini. Ukicheza upande kwa upande kidogo ni kawaida. Ukicheza juu na chini, krenki imekwisha. Zungusha, sikiliza beringi. Zikinguruma, kasha zima linatakiwa lipasuliwe, na kazi hiyo bila pula ya kutenganishia watu hupiga nyundo ncha ya krenki. Krenki ya chenisoo ni vipande vilivyoshindiliwa pamoja. Pigo moja linaipindisha kiasi usichokiona, na mashine itatetemeka milele. Kurudisha beringi nako kunataka kasha lipashwe moto vizuri. Sijawahi kuifanya nyumbani na sina mpango. Injini ikifikia hapo, linganisha fundi mwenye vifaa na mashine mpya, njia ya nyumbani iache.

Spea halisi na kopi

Ukiagiza Dar au Mwanza ije kwa basi, taja kipenyo, usitaje jina la mashine peke yake. Stihl MS 381 ni milimita 52, cc 72.2. Ile 070 kubwa ya wapasua mbao ni milimita 58, cc 105.7. Husqvarna 372XP ni milimita 50, cc 70.7. Pistoni ya 50 kwenye silinda ya 52 inaingia bila kelele yoyote, na hapo ndipo utani unapoanzia.

Kabla ya kununua silinda, jaribu kuokoa uliyonayo. Mara nyingi michirizi unayoiona ni aluminiamu ya pistoni iliyoganda juu ya ganda gumu. Msasa laini namba 400 kwa uvumilivu unaitoa, na chini yake ganda ni zima. Pitisha ukucha. Ukucha ukikwama kwenye mfereji baada ya kusafisha, silinda ndiyo basi.

Silinda halisi dhidi ya kopi: ya kopi bei yake ni ndogo sana, na nyingine hufanya kazi miaka. Tofauti nimeiona kwenye kingo za matundu. Halisi zimelainishwa, za kopi mara nyingine zina ncha kali inayokamata ringi. Kwenye pistoni ya kopi, nakubali pistoni lakini naomba ringi na seklipu za uhakika zaidi, ikiwezekana. Oili sili na mpira wa kabureta nanunua halisi bila mjadala, kwa sababu ndivyo vilivyoniua mara ya kwanza na bei yake ikilinganishwa na silinda ni mkia wa mbuzi.

Mpya je?

Mashine mpya ya bei nafuu, zile za cc 52 au 58, itakata mikaratusi na matawi ya mwembe bila shida. Kwa mninga au mkurungu mkavu, siku nzima, kila siku, utaijutia. Kopi za 070 zina nguvu ya kupasua mbao, lakini ni nzito na nyingi hazina breki ya cheni, kwa hiyo simpi kijana anayejifunza. Kanuni yangu binafsi: spea zote pamoja na nauli ya basi zikizidi theluthi moja ya bei ya mashine mpya ya kiwango kile kile, naacha kufungua. Zikipungua, nafungua. Na kama una kibali cha uvunaji chenye tarehe ya mwisho mkononi, kanuni hiyo itupe; azima mashine, kata, kisha urudi kwa injini yako bila haraka.

Siku ya kuwasha

Oili ya tu-stroku nzuri inayoandikwa 50:1 ni mililita 20 kwa lita moja ya petroli. Oili nyingine za tu-stroku, 25:1, ni mililita 40. Bomba la sindano la duka la dawa linapima vizuri kuliko kizibo cha chupa. Tangi la kwanza nazidisha kidogo. Pengo la koili na sumaku naweka kadi ya mchango wa harusi katikati, ile ya karatasi ngumu isiyokunjwa, inakaribia milimita 0.3. Kadi hizo hazijawahi kuniishia.

Skrubu za kabureta anza na mzunguko mmoja kutoka pale zinapogota, kisha rekebisha mashine ikiwa imepata moto. Ikiwa wazi kabisa bila kukata, iwe na mlio wa kugugumia kidogo. Ikianza kukata, gugumizi liishe. Mlio mwembamba safi bila mzigo ndio ule ule wa nyuki nilioueleza mwanzo.

Usitishwe na geji ya kompresheni. Tabora mjini tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini inayosoma psi 150 kule Dar itasoma karibu 130 hapa. Ndugu zetu wa Kigoma, ziwani kwenye mita 770 hivi, watasoma katikati. Chini ya 100 ndipo pa kuanza kuhangaika. Yangu, baada ya tangi la tatu, ilisoma 128, na jirani wa tumbaku alikuja kuiazima jioni ile ile. Nilimpa mashine, galoni ya mchanganyiko niliyoipima mwenyewe, na nikamwomba asiijaze kitu kingine.